Uhindu: Dhana Potofu Zinazosikika Kwetu na Ukweli Wake

Mengi yanayosemwa kuhusu Uhindu huanzia kwenye jicho. Mtu amepita nje ya hekalu, kaona taa na sanamu yenye kichwa cha tembo, akatoa hukumu pale pale. Kinachomponyoka ni yale yanayofanyika kabla sanamu haijaabudiwa na baada ya ibada kwisha, na humo ndimo imani yenyewe ilimo.

Dhana: Kila Mhindi ni Mhindu

Hapana. Miongoni mwa Wahindi wa Afrika Mashariki wamo Waismailia, Mabohora, Masingasinga, Wajaini na Wakatoliki wa Goa. Na wapo Wahindu wasio na asili ya India hata kidogo, kama Waghana waliomfuata Swami Ghanananda Saraswati jijini Accra.

Dhana: Wahindu huabudu jiwe na udongo

Chukua Ganesha Chaturthi, sikukuu ya Ganesha, yule mwenye kichwa cha tembo, inayoangukia Agosti au Septemba. Familia hununua sanamu ya Ganesha ya udongo. Ikiwa bado dukani hakuna anayeisujudia. Ni bidhaa tu. Ikifika nyumbani huwekwa juu ya kibao kilichotandikwa kitambaa na punje za mchele, kisha hufanywa prana pratishtha: anayeongoza ibada huigusa sanamu kifuani huku akisoma mantra, yaani maneno matakatifu, za kumwomba Mungu akae humo kwa siku hizo. Kuanzia hapo ni murti, yaani sanamu iliyowekwa wakfu, na hutendewa kama mgeni wa heshima.

Puja, yaani ibada ya kumhudumia Mungu, ikiwa kamili ina huduma 16. Mungu hukaribishwa, hupewa kiti, maji ya miguu, maji ya mikono na maji ya kunywa, huogeshwa, huvikwa nguo na uzi mtakatifu, hupakwa liwa, huwekewa maua, udi, taa na chakula, na huendelea hivyo hadi kuzungukwa na kusujudiwa. Kuogesha hufanywa kwa panchamrita, yaani maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, kisha maji safi. Asiye na muda hubakiza huduma tano: liwa, maua, udi, taa na chakula. Chakula hakionjwi kabla ya kutolewa, hata kuangalia chumvi, na ua la kutoa halinuswi, kwa sababu ukishakionja au kulinusa umeshatangulia kujihudumia wewe.

Baada ya siku moja na nusu, tano, saba au kumi, kwa desturi ya kila nyumba, huja ibada ya kuaga. Hufanywa arati (kuzungusha taa inayowaka mbele ya murti) ya mwisho, hunyunyizwa mchele, kisha murti husogezwa kidogo kutoka mahali pake, ishara kwamba mgeni ameruhusiwa kuondoka. Ndipo hupelekwa majini ikazama na kuyeyuka. Anayeamini kwamba udongo ule ndio Mungu asingeutosa mtoni. (Sanamu za plasta haziyeyuki upesi na rangi zake huchafua maji. Miongozo iliyotolewa mwaka 2020 na bodi kuu ya kudhibiti uchafuzi ya India ilikataza plasta na kutaka udongo wa asili, na kwa kweli udongo ndio unaoafikiana na maana ya ibada.)

Swali la kwa nini kuwe na umbo Wahindu wenyewe wameliuliza zamani. Katika sura ya 12 ya Bhagavad Gita, moja ya maandiko matakatifu yao, shujaa Arjuna anamuuliza Krishna, Mungu katika umbo la mtu, nani yuko sahihi zaidi: anayemwabudu Mungu kwa umbo au anayemwelekea asiyeonekana. Krishna anajibu kwamba wote wanafika, ila njia ya asiyeonekana ni ngumu zaidi kwa kiumbe mwenye mwili. Na wapo Wahindu wanaokataa sanamu kabisa. Arya Samaj, jumuiya ya Wahindu iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mjini Bombay mwaka 1875 na yenye wafuasi Afrika Mashariki, huabudu kwa havan: moto huwashwa ndani ya kishimo maalumu, na kila mantra ikiisha kwa neno "svaha" hutiwa samli na mchanganyiko wa mimea.

Dhana: Wana miungu milioni 330

Hii husemwa hata na Wahindu. Maandiko ya kale ya Veda yanataja miungu 33. Kwenye Brihadaranyaka Upanishad, andiko jingine la kale, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa miungu ni mingapi. Jibu la kwanza ni 3,306. Anaulizwa tena na tena, na hesabu inashuka: 33, sita, watatu, wawili, mmoja na nusu, mmoja. Hao maelfu, anasema, ni nguvu tu za wale 33, na mwisho wa hesabu ni mmoja.

Hata hivyo ni kosa kuwapa Wahindu wote jibu moja. Kwa mwanafalsafa Shankara, nafsi na Brahman, yaani uhalisi mkuu ulio nyuma ya vyote, ni kitu kimoja. Ramanuja alifundisha kwamba nafsi ni kama mwili wa Mungu, na Madhva akasema nafsi na Mungu ni tofauti milele. Shule zote tatu zina wafuasi hadi leo.

Dhana: Karma ni bahati iliyoandikwa, huwezi kuibadili

Dhana hii ina madhara, maana humfanya mtu adhani Mhindu humwangalia maskini na kusema anastahili. Walimu wa Vedanta, falsafa inayotokana na Upanishad, hufafanua karma, yaani matendo na matokeo yake, kwa mfano wa mpiga upinde. Mshale ulioruka haurudi: hiyo ni prarabdha, matokeo ambayo yameshaanza katika maisha haya. Mishale iliyomo ndani ya podo ni sanchita, akiba ya matendo ya nyuma ambayo bado haijazaa. Ule ulioko kwenye upinde sasa hivi ni tendo unalolifanya leo, na hilo liko mkononi mwako. Kumsaidia mwenye shida ni tendo jema katika hesabu hiyo hiyo, wala si kuingilia adhabu yake.

Dhana: Ng'ombe ni mungu wao, na hakuna Mhindu anayekula nyama

Ng'ombe huheshimiwa kama mama anayelisha, na Wahindu wengi sana hawali nyama yake. Hilo halimfanyi kuwa Mungu mkuu. Kuhusu nyama kwa jumla, utafiti wa mwaka 2021 wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ulikuta asilimia 44 tu ya Wahindu wa India wakisema hawali nyama. Wabengali hula samaki, na Nepal huchinja mbuzi na nyati wakati wa sikukuu ya Dashain. Kwetu dhana hii imeshika kwa sababu Wahindu wengi wa hapa wana asili ya Gujarat, ambako kutokula nyama ni desturi yenye nguvu. Ukimwalika mfuasi wa Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu yenye asili ya Gujarat, ujue kwamba vitunguu maji na vitunguu saumu navyo havili, na keki yenye yai ataiacha.

Dhana: Swastika ni alama ya Kinazi

Alama hii ilikuwa ya Wahindu, Wajaini na Wabudha maelfu ya miaka kabla chama cha Nazi hakijaichukua mwaka 1920. Mfanyabiashara wa Kigujarati huichora kwa unga mwekundu kwenye daftari jipya la hesabu wakati wa Diwali, sikukuu ya taa, kuomba heri.

Dhana: Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia hekaluni

Kwa baadhi ya mahekalu ni kweli: la Jagannath mjini Puri, India, halimruhusu. Mengi hupokea wageni, mradi utaratibu ufuatwe. Viatu huachwa nje, mabega na magoti hufunikwa, na simu huzimwa. Kuzunguka murti hufanywa kwa kuiweka mkono wa kulia. Kwa mungu Shiva ni tofauti: maji yanayomwagwa juu ya linga, nguzo fupi inayomwakilisha, hutoka kwa mfereji mdogo, na mfereji huo hauvukwi. Unaenda hadi ukingo wake, unarudi ulikotoka, unamalizia upande wa pili.

Arati ikipitishwa, viganja hupitishwa juu ya mwali kisha hupakwa usoni. Asiyetaka hukaa kimya tu. Prasada, chakula kilichokwisha kutolewa kwa Mungu, hupokelewa kwa mkono wa kulia. Kama dini yako haikuruhusu kukila, kataa kwa upole kabla hakijakufika mkononi. Ukishakipokea usikiache chini wala kukitupa. Mpe aliye karibu nawe.