Mjamzito na chai ya kijani: "kwa kiasi" ni kiasi gani?

Ukiuliza kama mjamzito anaruhusiwa kunywa chai ya kijani, mara nyingi utajibiwa: "Anaruhusiwa, ila kwa kiasi." Jibu ni sahihi, lakini halimsaidii mama ambaye maji yake yameshachemka. Vikombe vingapi? Na anywe wakati gani? Hilo la wakati husahaulika, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote kwa wajawazito wa huku kwetu.

Chai ya kijani hutokana na mmea uleule unaotupa chai ya rangi, huo unaolimwa Kericho, Mufindi na Njombe. Tofauti huanzia kiwandani: majani hupigwa mvuke au hukaangwa mapema baada ya kuchumwa, yasipate nafasi ya kugeuka meusi. Kwa hiyo usiichanganye na mchaichai, ambao hauna kafeini. Chai ya kijani inayo.

Kafeini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ini lake bado haliwezi kuivunja. Mwili wa mama nao huchelewa kuitoa. Asiye na mimba huondoa nusu ya kafeini aliyokunywa kwa saa 5 hivi. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito kazi hiyohiyo inaweza kuchukua saa 10 au zaidi. Kafeini nyingi imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na pia na mimba kuharibika. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaozidisha miligramu 300 kwa siku wapunguze. Wataalamu wa Uingereza, Umoja wa Ulaya na Marekani wameweka mpaka chini zaidi, kwenye 200, na huo ndio ningemshauri dada yangu aufuate.

Kikombe cha chai ya kijani cha mililita 240 kina takriban miligramu 30. Cha chai ya rangi kina kama 45, cha kahawa ya kuchuja kama 95, na kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina kama 80. Hesabu ni ya siku nzima. Mama aliyekunywa vikombe viwili vya chai asubuhi, soda ya kola mchana na kikombe cha chai ya kijani jioni amekwishapita 150. Akiongeza kahawa, amevuka mpaka. Kwa sababu hiyo kikombe kimoja au viwili vya chai ya kijani kwa siku vinatosha. Ile ya unga, matcha, ni kali zaidi kwa kuwa unakunywa jani lenyewe zima.

Sasa tuje kwenye wakati. Chai, iwe ya kijani au ya rangi, ina tanini na jamaa zake katechini, ambazo hushikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasifyonzwe. Chuma kinachoathirika zaidi ni kile cha mimea: maharage, mchicha, kisamvu, matembele. Ndicho chuma ambacho akina mama wengi wanakitegemea, maana nyama haipatikani kila siku. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki navyo huathirika. Mama anaweza kumeza kidonge kila siku bila kukosa, na damu isipande vizuri, kwa sababu tu anakisindikiza na chai ya asubuhi. Hili linaniuma kwa kuwa juhudi yake haina kasoro, hakuambiwa tu. Kidonge kimezwe kwa maji, au kwa juisi ya machungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri angalau saa moja baada ya chakula au kidonge. Saa mbili ni bora zaidi. Na chai iliyoondolewa kafeini bado ina tanini, hivyo kanuni hii inaihusu pia.

Upande wa folati, yaani vitamini B9 ambayo kwenye vidonge huitwa foliki asidi, vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba katechini huzuia kimeng'enya ambacho mwili unakihitaji ili kuitumia folati. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito, na upungufu wa folati kipindi hicho huongeza hatari ya mgongo wazi. Anayetafuta mimba naye asizidishe chai ya kijani, na aanze vidonge vya foliki asidi mapema, mikrogramu 400 kwa siku.

Haya yote ni kuhusu chai ya kikombe. Vidonge vya chai ya kijani vya kupunguza uzito ni jambo jingine kabisa: katechini zake zimekolezwa mno, na dozi kubwa zimewahi kuumiza ini hata kwa watu wasio na mimba. Mjamzito aviache. Chai za "kusafisha tumbo" na kukata unene aziache pia. Nyingi huchanganywa na sanamaki, ambayo huharisha.

Ukipimwa kliniki na kuambiwa wingi wa damu uko chini ya gramu 11, ondoa chai zote karibu na milo na vidonge, na mweleze muuguzi unakunywa chai gani, kiasi gani na saa ngapi.