Kiongozi wa Chama Kanada na Wabunge Wasio na Rungu

Tarehe 23 Oktoba 2024, katika kikao cha faragha mjini Ottawa, wabunge wa chama tawala cha Liberal walisomewa barua iliyotiwa saini na wenzao 24, ikimtaka Waziri Mkuu Justin Trudeau aachie uongozi wa chama kabla ya mwezi huo kwisha. Siku iliyofuata Trudeau aliwaambia waandishi wa habari kwamba yeye ndiye atakayekiongoza chama katika uchaguzi ujao, na barua ile ikabaki karatasi. Nimesoma na kufundisha siasa za Kanada kwa miaka mingi, na kila nikitaka kuwaeleza wanafunzi ugonjwa wa vyama vya nchi ile huanza na barua hiyo, kwa sababu moja: hata kama wabunge wote wa Liberal wangeitia saini, bado ingekuwa ombi tu. Hapakuwa na kanuni yoyote ya chama wala ya Bunge ambayo ingemlazimu kiongozi kuondoka.

Jambo hili ni la ajabu zaidi ukikumbuka msingi wa mfumo wenyewe. Waziri Mkuu wa Kanada hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Anashika madaraka kwa kuwa ana imani ya wabunge walio wengi. Nchini Uingereza, ambako Kanada ilirithi mfumo huo, wabunge wa chama cha Conservative walimwondoa Margaret Thatcher mwezi Novemba 1990 ingawa alikuwa ameshinda uchaguzi mkuu mara tatu mfululizo. Mbunge wa Kanada anaweza kuiangusha serikali yake mwenyewe bungeni na kuipeleka nchi kwenye uchaguzi, lakini katika vyama vingi hana njia ya kumbadilisha kiongozi wa chama chake huku serikali ikibaki. Amepewa shoka la kuukata mti mzima, akanyimwa kisu cha kupogolea tawi.

Hali hiyo ina historia, na historia hiyo ilianza kwa nia njema. Katika uchaguzi wa mwaka 1917 suala la kuwalazimisha vijana kwenda vitani Ulaya lilikipasua chama cha Liberal: wabunge wake wengi wanaozungumza Kiingereza walijiunga na serikali ya muungano ya Waziri Mkuu Robert Borden wa Conservative, na kiongozi wao Wilfrid Laurier akabaki na viti 82, ambavyo 62 kati yake vilitoka mkoa mmoja tu wa Quebec. Laurier alipofariki Februari 1919, ilionekana wazi kwamba kundi la wabunge lililotoka karibu lote upande mmoja wa nchi lisingeweza kuchagua kiongozi atakayekubalika kwenye mashamba ya ngano ya magharibi au bandari za mashariki. Kwa hiyo wajumbe kutoka kila pembe ya nchi walikutana Ottawa mwezi Agosti mwaka huo, wakamchagua William Lyon Mackenzie King katika duru ya tatu ya upigaji kura. Ulikuwa mkutano mkuu wa kwanza wa kitaifa kukipa chama kiongozi wa ngazi ya taifa. Conservative waliufuata mfano huo mwaka 1927, walipomchagua R. B. Bennett huko Winnipeg.

Naheshimu sababu za mwaka 1919, na naamini ningekuwa mjumbe wakati ule ningeunga mkono. Lakini dawa iliyotolewa kwa jeraha la mwaka mmoja imeendelea kunywewa kwa zaidi ya karne moja. King alikaa kwenye uongozi wa chama hadi mwaka 1948, akiwa Waziri Mkuu kwa jumla ya miaka inayokaribia 22, na tangu wakati wake kila kiongozi amekuwa na jibu moja kwa wabunge wanaonung'unika: si ninyi mlionichagua. Shida ni kwamba waliomchagua hawapo tena. Mkutano mkuu hutawanyika usiku uleule, na siku hizi, ambapo kura hupigwa na wanachama kwa mtandao au kwa posta, hakuna hata mkutano wa kuutaja. Wanaobaki naye kila wiki, wanaoona anavyofanya kazi na kusikia majimboni anavyosemwa, ni wabunge wale wale wasio na rungu.

Ni kweli kwamba vyama vimejaribu kuziba pengo hilo kwa kura za kumpima kiongozi kwenye mikutano mikuu. Joe Clark wa Progressive Conservative, jina la Conservative wakati ule, alipata asilimia 66.9 huko Winnipeg mwaka 1983, akaona haitoshi, akaitisha kinyang'anyiro cha uongozi alichoshindwa na Brian Mulroney. Na mwaka 2016 wajumbe wa NDP, chama cha mrengo wa kushoto, walimkataa kiongozi wao Thomas Mulcair huko Edmonton. Lakini wote wawili walikuwa viongozi waliokwisha kushindwa uchaguzi. Kwa kanuni za Liberal, kura ya namna hiyo hufanyika baada ya uchaguzi ambao kiongozi hakupata uwaziri mkuu, maana yake Trudeau, aliyeshinda mwaka 2015, 2019 na 2021, hakuwa na siku ya kupimwa hata moja.

Kuna kifungu kingine cha sheria ambacho wengi hukipita haraka, nami naona ndicho kiini cha nidhamu ya kupita kiasi katika Bunge la Kanada. Kabla ya mwaka 1970 karatasi ya kura haikuonyesha chama cha mgombea. Ilionyesha jina, anwani na kazi yake. Sheria ilipobadilishwa ili majina ya vyama yaandikwe, ilibidi apatikane mtu wa kuthibitisha nani hasa ni mgombea wa chama gani, na jukumu hilo likapewa kiongozi wa chama. Lilikuwa jambo la uandishi wa fomu. Lakini saini inayothibitisha ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukataliwa, na mbunge anayejua kwamba fomu yake ya uchaguzi ujao itapitia mkononi mwa kiongozi hupima maneno yake kwa namna tofauti. Si lazima kiongozi atishe. Inatosha kwamba kalamu ni yake.

Tuliiona nguvu hiyo tarehe 2 Aprili 2019, katika sakata la madai kwamba ofisi ya Trudeau ilishinikiza kesi ya jinai ya kampuni ya SNC-Lavalin iepushwe, Trudeau alipowafukuza waliokuwa mawaziri wake Jody Wilson-Raybould na Jane Philpott kutoka kundi la wabunge wa Liberal na kuwazuia wasigombee tena kwa tiketi ya chama. (Msomaji wa Tanzania, ambako mbunge anayepoteza uanachama wa chama chake hupoteza na kiti, aelewe kwamba Kanada mbunge aliyefukuzwa hubaki bungeni kama mbunge huru.) Philpott alisimama akamweleza Spika kwamba sheria inataka wabunge wenyewe waamue kwa kura nani ana mamlaka ya kumfukuza mwenzao, na kwamba kura hiyo haikuwahi kupigwa. Spika alijibu kwamba mambo ya ndani ya makundi ya wabunge hayamo katika mamlaka yake. Sheria ilikuwepo, ila haikuwa na mlinzi.

Sheria aliyoitaja Philpott ni ile iliyotungwa kwa juhudi za Michael Chong, mbunge wa Conservative kutoka Ontario, na kupitishwa mwaka 2015. Muswada wake wa kwanza ulikuwa na meno: ulitaka kuiondoa ile saini mikononi mwa kiongozi na kuipeleka majimboni, na kuwapa wabunge wa kila chama haki ya kumwondoa kiongozi wao. Ili upite ulilegezwa. Sasa chama chenyewe huchagua nani atie saini, na wabunge wa kila chama, katika kikao chao cha kwanza baada ya uchaguzi mkuu, hupiga kura kuamua kama wanautaka uwezo huo au la. Wakiukubali, asilimia 20 kati yao wakitia saini, kura ya siri lazima ipigwe kuhusu kiongozi, na wengi wakimkataa anaondoka. Conservative waliukubali baada ya uchaguzi wa mwaka 2021, na tarehe 2 Februari 2022 walimwondoa kiongozi wao Erin O'Toole kwa kura 73 dhidi ya 45.

Wapinzani wa maoni yangu huutumia mfano huo huo. Husema O'Toole aliangushwa na wabunge waliokasirishwa na juhudi zake za kukisogeza chama katikati, hasa kuhusu kutoza malipo kwa utoaji wa hewa ya ukaa, na kwamba wanachama waliomchagua mwaka 2020 walinyang'anywa kura yao. Sikatai kwamba wabunge wanaweza kukosea. Hata hivyo, tuangalie wanachama hao ni kina nani. Mhamiaji kutoka Mombasa au Bukavu mwenye ukaazi wa kudumu, ambaye hana haki ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu, anaweza kumchagua kiongozi wa Liberal au wa Conservative, na mtoto wake wa miaka 14 pia. Nafurahi kwamba mlango huo uko wazi kwao, na nawahimiza ndugu zetu wautumie. Lakini umati unaoandikishwa na makundi ya kampeni kwa majuma machache hauwezi kumwajibisha mtu kwa miaka minne. Mbunge, kwa upande wake, amechaguliwa na jimbo zima, wakiwemo wasio na chama, na jina lake litakuwa kwenye karatasi ya kura kosa la kiongozi likija kulipiwa.

Gharama ya kukosa utaratibu ilionekana miezi miwili baada ya barua ile. Chrystia Freeland, Waziri wa Fedha, alijiuzulu tarehe 16 Desemba 2024, siku aliyopaswa kusoma taarifa ya uchumi, wakati Donald Trump akitishia ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa za Kanada. Trudeau alitangaza kuondoka tarehe 6 Januari 2025, na kwa ushauri wake Gavana Mkuu, mwakilishi wa Mfalme, akasitisha kikao cha Bunge hadi tarehe 24 Machi ili chama kipate muda wa kutafuta mtu. Nchi iliyokuwa ikielekea kwenye mgogoro mkubwa wa kibiashara na jirani yake ilikaa bila Bunge. Mark Carney, gavana wa zamani wa benki kuu, alishinda uongozi wa chama tarehe 9 Machi kwa karibu asilimia 86 ya kura zaidi ya 150,000, akaapishwa siku tano baadaye bila kuwa mbunge, na akashinda uchaguzi wa tarehe 28 Aprili kwa viti 169 kati ya 343. Wapo wanaosema ushindi huo unaonyesha kwamba mfumo ulifanya kazi. Mimi naona uliokolewa na mtu na wakati. Kama wabunge wangekuwa na kura ya siri mwezi Oktoba, suala lingeamuliwa jioni moja, na Bunge lingekuwa wazi Januari.

Katika uchaguzi huo kiongozi wa Conservative, Pierre Poilievre, alipoteza hata jimbo lake la Carleton. Wabunge wake walikutana tarehe 6 Mei na kujipa tena uwezo wa kumwondoa kiongozi, kisha wakambakiza. Huo ndio ushahidi ninaoupenda zaidi, kwa sababu unajibu hofu kwamba wabunge wakipewa rungu watalitumia kila wanapokasirika. Baadaye mwezi huo huo wabunge wa Liberal, wengi wao waliokuwemo chumbani barua iliposomwa, walipewa nafasi ile ile kwa mujibu wa sheria, wakapiga kura kuukataa uwezo huo. Ndiyo maana nataka Bunge liufute ule uhuru wa kuchagua: uwezo wa kupiga kura ya siri kuhusu kiongozi uwe wa kila kundi la wabunge kwa sheria, na saini ya uteuzi irudishwe majimboni kama Chong alivyoandika mwanzo, kabla muswada wake haujang'olewa meno.