Damu Yako ni Nzuri, Jicho Lako Je?

Maswali haya ya wagonjwa wa uveitisi nakutana nayo karibu kila siku ya kliniki ya macho hapa Moshi. Nayajibu kwa maandishi kwa sababu nimechoka kumpokea mtu ambaye jicho lina ukungu wa wiki 3, na mkononi kashika karatasi ya maabara inayosema kila kitu kiko sawa.

Uveitisi ni ugonjwa gani?

Ni mchochota, yaani kuvimba na kuwaka kwa mwili, ndani ya jicho, kwenye tabaka lenye mishipa mingi ya damu. Mara nyingi jicho huwa jekundu, huuma, halivumilii mwanga na huona ukungu. Tofauti na macho mekundu ya kuambukizana, tongotongo huwa hakuna. Mchochota ukiwa nyuma ya jicho, maumivu yanaweza yasiwepo kabisa. Unaona tu ukungu na vidoa vinavyoelea.

Naumwa jicho, mbona mnanitoa damu?

Tunatafuta chanzo. Kaswende, VVU na kifua kikuu vyote huweza kufika jichoni. Kaswende huonekana kwenye damu na hutibika kwa penisilini. Kifua kikuu tunakifuata pia kwa picha ya kifua, maana vidonge vya steroidi, dawa za kutuliza mchochota, vinaweza kuuamsha ugonjwa uliolala. ESR na CRP, vipimo viwili vya damu, zinatuambia kama mwili kwa jumla una mchochota. Basi.

ESR na CRP zangu ni za kawaida. Si ndiyo nimepona?

Hapana. CRP hutengenezwa na ini baada ya kupata taarifa kwamba kuna mchochota mwilini. Jicho lina upana wa milimita 24 hivi: linaweza kuungua ndani na ini lisipate habari. ESR nayo hupanda kwa upungufu wa damu, kwa ujauzito na kwa umri, kwa hiyo hata ikipanda haisemi kwamba jicho limerudi kuugua. Sisi tunalipima jicho kwa mashine ya mwanga mwembamba, tukihesabu chembe nyeupe za damu zinazoelea kwenye maji ya mbele ya jicho. Damu ya mkononi haiwezi kutuhesabia chembe hizo.

Lakini maabara wameandika "kawaida", na wekundu umeisha. Niache matone?

Hapana, tena hapana! Mtu anaacha matone Jumatatu, kabla wiki haijaisha anarudi kajifunika kanga kichwani, jua halivumiliki. Matone ya steroidi hupunguzwa hatua kwa hatua. Ukiyakata ghafla mchochota unarudi, mboni inanata kwenye lenzi, presha ya jicho inapanda. Na mshipa wa fahamu wa jicho ukishaharibiwa na presha, haurudi. Karatasi ya damu haijampa mtu ruhusa ya kuacha matone, hata siku moja.

Dalili zikirudi, ninunue matone yale yale dukani?

Usinunue. Kama safari hii ni kidonda kwenye kioo cha jicho, steroidi itakimaliza kioo chenyewe. Ukiyatumia miezi mingi bila kupimwa, yanaleta mtoto wa jicho na kupandisha presha. Nawaomba na ndugu zangu wa maduka ya dawa: msimpe mtu chupa kwa sababu tu jicho ni jekundu.

Natumia methotreksati, vidonge vya kutuliza kinga ya mwili. Damu ya kila mara ni ya nini?

Ni ya kulinda ini na uboho wako, haipimi jicho. Vidonge hivyo humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Na pombe ya mbege iache, tafadhali. Ini haliwezi kubeba vyote viwili.

Jicho limeanza kuuma leo, na tarehe yangu ya kliniki ni mwezi ujao. Nisubiri?

Usisubiri tarehe, na usianze kwa kuzunguka maabara za mtaani kutafuta ESR. Njoo leo. Ukiwa mbali, Rombo au Same, panda gari la kwanza asubuhi. Ukifika mapokezi sema wazi kwamba jicho linauma na linaona ukungu. Njoo na chupa ya matone uliyokuwa unatumia, hata kama imeisha. Karatasi ya maabara ikiwa imepotea, njoo hivyo hivyo.