Je, wajua kwa nini Mwingereza "hukimbia" akichelewa?

Uko kwenye foleni, gari halisogei, na kuna mtu anakusubiri ambaye Kiswahili hakijui. Unamwandikia haraka: "I am late." Sarufi haina kosa. Ila yeye anaweza kuelewa kwamba muda wa miadi umeshapita, kumbe bado dakika kumi.

Kinachotuponza ni "nimechelewa". Kwetu unaweza kulisema neno hilo muda ukiwa umeshapita, na pia ukiwa bado nyumbani unatafuta kiatu cha pili. Kiingereza hutenganisha. Ukiona kabisa kwamba hutawahi, ingawa saa yenyewe haijafika, unasema "I'm running late".

Sasa mbio zimetoka wapi, na wewe umekaa tu garini? Neno "run" si kukimbia peke yake. Mtambo ukifanya kazi, Kiingereza husema una-"run". Basi au treni ikienda kwa ratiba, vilevile. Treni iliyobaki nyuma ya ratiba "is running late", na hata daktari mwenye wagonjwa wengi husemwa hivyohivyo. Mtu anayechelewa anajizungumzia kama treni: safari inaendelea, ratiba ndiyo imemwacha. Na akitangulia? "I'm running early." Hiyo sisi huisikia mara chache, sababu tunazijua wenyewe.

Dakika huingia katikati: "I'm running ten minutes late." Usiseme "late for ten minutes". Kwa rafiki, "Running late, there in ten" (nafika baada ya dakika kumi) inatosha. Kwa bosi, ongeza "sorry", na kama ni kikao, "please start without me". Kama kuna jambo lililokukwamisha: "I got held up."

La kuepuka ni "I have delayed", ambalo kwetu limezoeleka mno. "Delay" ni kuchelewesha au kuahirisha, kwa hiyo msikilizaji anaweza kudhani umefanya makusudi. Aliyecheleweshwa na foleni husema "I've been delayed".

"Niko njiani" ni "I'm on my way", na wapo Waingereza wanaoiandika huku wana povu la sabuni kichwani, kama sisi tu.

Ile "late" ya mwanzo usiitupe. Ukishafungua mlango na watu wote wamegeuka kukutazama, sema: "Sorry I'm late."