Kadi za mchango, bango la ukumbini, na swali la kuuliza kabla ya kufungua Canva

Kamati ya harusi ikikaa kikao cha kwanza, huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kabla soda hazijaisha mtu huuliza: "Kadi anatengeneza nani?" Hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa sasa hiyo ndiyo kazi yangu. Natengeneza kadi za mchango, kadi za mwaliko, mabango ya ukumbini na picha za kuweka status. Watu huniuliza natumia programu gani. Huwatajia, lakini najua jibu hilo peke yake haliwafikishi mbali, maana programu zenyewe ziko wazi kwenye intaneti na nyingi ni bure. Mimi huanza na swali jingine: picha hii inakwenda kukaa wapi? Kwenye kioo cha simu, kwenye karatasi ya A5, au kwenye bango la mita 3 nyuma ya maharusi? Jibu la hapo ndilo linaloniambia nifungue nini.

Swali hili nililijua kwa maumivu. Mama mmoja alinitumia kwa WhatsApp picha ya mwanawe na mchumba wake ili niiweke kwenye bango. Niliifungua kwenye laptopu, ikajaa kioo kizima, safi kabisa. Nikapanga maandishi, nikapeleka kuchapa. Siku ya harusi saa nane mchana akanipigia: "Mwanangu, hebu njoo ukumbini uone." Nikaenda. Nyuso za maharusi zilikuwa zimegeuka vijiraba, macho hayaonekani. Nilimwomba radhi na hakunipigia kelele, ila ile sura yake mbele ya bango bado naikumbuka kila ninapopokea picha ya mteja.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningeipiga kabla wala nisingefika huko. WhatsApp ilikuwa imeibana picha hadi pikseli 1,600 kwa upana (pikseli ni kile kijiraba kidogo cha rangi ambacho vingi vyake hujenga picha). Kioo cha laptopu yangu kina pikseli 1,366, kwa hiyo picha ile ilitosha na kubaki. Lakini mita 3 ni milimita 3,000. Gawanya kwa 1,600: kila pikseli ilipewa karibu milimita 2 za bango. Kijiraba cha milimita 2 unakiona kwa macho bila shida, na jicho la mtu kwenye picha ile lilikuwa na vijiraba vichache tu.

Tangu siku hiyo mteja akitaka kunitumia picha kwa WhatsApp namwomba aitume kama dokumenti, siyo kama picha. Ikitumwa hivyo inafika kama ilivyotoka kwenye kamera. Kitufe cha HD kilichokuja mwaka 2023 kinapunguza madhara, ila bado picha inabanwa. Simu nyingi za sasa hutoa picha ya megapikseli 12, yaani pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukiitandaza picha hiyo kwenye nusu ya bango la mita 3 unapata karibu nukta 68, yaani pikseli 68, kwa kila inchi. Kwa kadi ya kushikwa mkononi hiyo ni ndogo mno, kwani kadi inataka nukta 300 kwa inchi. Kwa bango linalotazamwa kutoka viti vya mbele, inatosha. Na kabla ya kuchapa bango zima, nakata kipande chenye uso wa mtu mmoja, nakichapa kwenye karatasi ya A4 kwa ukubwa uleule kitakaokuwa nao ukumbini, nakibandika ukutani na kurudi nyuma hatua tano. Karatasi moja ya steshenari haifiki hata sehemu ndogo ya gharama ya kurudia bango.

Majina ya maharusi na nembo za wadhamini nayachora Inkscape, programu ya bure iliyopo tangu 2003, nikiyahifadhi kama SVG. Humo mchoro haujengwi kwa pikseli bali kwa mistari na kanuni za hesabu, kwa hiyo unaukuza hadi ukubwa wa basi na ukingo wake unabaki mkali.

Sasa Canva, tovuti ya kusanifu kadi na mabango. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2013 huko Australia. Mmoja wa waanzilishi wake, Melanie Perkins, alikuwa akifundisha wanafunzi programu za usanifu na kuona jinsi zinavyowatesa, akaanza na kitu kidogo cha kutengenezea vitabu vya picha za mwaka shuleni. Asili hiyo inaonekana hadi leo: ni chombo cha mtu asiye na muda wa kusomea usanifu. Nakitumia kila siku na sioni aibu. Lakini kuna mambo mawili ambayo hakuna anayekuambia.

La kwanza ni la kuchapa. Unapopakua faili la PDF, Canva inakupa la aina mbili, la kawaida na la kuchapa. La kawaida hutoka kwa nukta 96 kwa inchi, la kuchapa kwa nukta 300. Watu huchukua la kawaida kwa sababu ni jepesi, kisha wanailaumu mashine ya kuchapa. Chukua la kuchapa, na uwashe alama za kukatia pamoja na milimita 3 za ziada pembeni, ili kisu kikiyumba kidogo usibaki mstari mweupe kwenye ukingo wa kadi. Halafu kuna rangi. Kioo cha simu huzaa rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, mashine ya kuchapa huzaa kwa wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Ile bluu ya kung'aa ambayo kamati nyingi huipenda haimo kabisa ndani ya wino. Ikichapwa huelekea zambarau. Ukiwa na akaunti ya kulipia Canva hukupa PDF ya rangi za wino. Ukiwa na ya bure, mwambie bibi harusi mapema, tena mwonyeshe kwenye karatasi. Ugomvi wa rangi ya sare ni mkubwa kuliko unavyodhani.

La pili linanigusa zaidi, nalo ni la lugha. Violezo vya Canva, yaani miundo iliyokwisha pangwa ambayo wewe unabadilisha maneno tu, vimepangwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mafupi mafupi. Mahali palipoandikwa "Join us" pana herufi sita ndani ya maneno mawili. Msanifu ameyapanda moja juu ya jingine kwa herufi kubwa zinazojaza ukurasa. Sisi tunaweka "Tunakukaribisha". Herufi kumi na tano, neno moja, halikatiki. Mtu hulipunguza ukubwa hadi likae, na papo hapo kiolezo kizima kinakufa: kichwa kimekuwa kidogo kuliko tarehe, picha imebaki na uwazi usio na kazi. Ndiyo maana kadi nyingi za Kiswahili zinaonekana kama zimevaa nguo ya kuazima.

Dawa sikuipata mtandaoni. Niliipata kwenye kanga. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina. Tazama jina linavyokaa: "MGENI NJOO MWENYEJI APONE" limenyooka kwenye ukanda mmoja mrefu, mwembamba, herufi kubwa zote, na macho yanalisoma kwa pumzi moja. Waliopanga kanga walijua kwamba Kiswahili kinataka upana. Kwa hiyo ninapochagua kiolezo siangalii rangi wala maua, vitu hivyo nitavibadilisha. Natafuta chenye ukanda mpana wa maandishi, na vile vyenye nguzo nyembamba upande mmoja naviruka hata viwe vizuri namna gani. Ikibidi kukata neno, kata kwenye silabi, nayo silabi yetu karibu kila mara huishia na irabu: "Tunaku-karibisha", kamwe si "Tunakukar-ibisha". Programu haiijui kanuni hiyo, kata kwa mkono wako.

Na kabla hujaipenda fonti yoyote ya mwandiko wa kujipinda, andika humo neno lenye ng'. Fonti kadhaa za mapambo hazina ile alama ya juu, zinaiazima kutoka fonti nyingine, na jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w linatoka na pengo katikati. Mzee aliyechanga pesa yake anastahili jina lake liandikwe sawasawa.

Kwa kurekebisha picha zenyewe natumia Photopea, programu inayofunguka kama tovuti. Ni kazi ya mtu mmoja, Ivan Kutskir, aliyeitoa mara ya kwanza mwaka 2013, na inafungua hata mafaili ya PSD ya Photoshop. Inaendeshwa kwa matangazo, kwa hiyo ni bure. Sababu yangu ya kuipenda ni bando. Ukishaufungua ukurasa, kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta yako. Picha haipandi kwenda seva yoyote. Squoosh, iliyotolewa na kikosi cha Chrome cha Google mwaka 2018, nayo iko hivyo. Hiyo naitumia kupunguza uzito wa picha za status: unaona picha ya kabla na ya baada upande kwa upande, unasogeza kitelezi hadi macho yako yaanze kuona tofauti, unarudi nyuma kidogo, unahifadhi. Picha ya MB 4 hushuka chini ya KB 300 na kwenye simu hakuna anayejua.

Tovuti za kufuta mandhari ya nyuma ya picha hufanya kinyume, zinapeleka picha yako kwenye mashine zao. Ile maarufu, remove.bg, inafanya kazi nzuri sana kwenye nywele, ila picha ya bure inatoka ndogo, robo ya megapikseli, ambayo kwa status inafaa na kwa bango haifai hata kidogo. Ukitaka kujua tovuti yoyote iko kundi gani, fungua ukurasa, zima data, kisha jaribu kazi. Ikiendelea, picha yako haijatoka nyumbani. Ikigoma, huenda imekuwa ikitumwa. Kwa picha za watoto na za vitambulisho nafanya jaribio hilo bila kuacha.

Twende kwenye kazi iliyokuwa ikinila usiku: kadi 300 zenye majina 300. Zamani nilikuwa nafuta jina, naandika jingine, nahifadhi, narudia. Siku tatu. Sasa mweka hazina ananipa orodha kwenye Google Sheets yenye safu za namba, jina, simu, ahadi, alichotoa, na kama kadi ni singo au dabo. Naihifadhi kama CSV, faili jepesi la jedwali lisilo na mapambo, naiingiza Canva kwenye kipengele cha kuunda kwa wingi, ambacho ni cha akaunti ya kulipia, naunganisha safu ya jina na mahali pa jina kwenye kadi, na kadi zote zinatoka kwa mfuatano wa orodha. Ukizipakua kama PNG zinakuja na namba: 1, 2, 3. Safu ya namba ndiyo inayokuambia kadi ya 147 ni ya nani wakati wa kutuma.

Kuna mahali pawili pa kujikwaa. Sheets hula sifuri ya mwanzo: 0754 inakuwa 754, na mwisho wa siku huna simu ya mtu. Igeuze safu ya simu kuwa maandishi kabla hujabandika chochote. Na kabla ya kuunda kadi zote, tafuta jina refu kuliko yote, pamoja na cheo chake, la namna ya "Mchungaji na Mama Mchungaji" fulani wa fulani, kisha lipime kwenye kadi. Likikaa hilo, mengine yote yatakaa.

Kamati nyingi siku hizi zinataka msimbo wa QR ukaguliwe mlangoni. Msimbo huu ulibuniwa na Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari, na unaweza kusomeka hata ukichafuka: katika kiwango cha juu, karibu asilimia 30 ya msimbo ikiharibika bado unasomeka. Ila kadri unavyoweka maneno mengi ndivyo vijiraba vinavyozidi na kuwa vidogo. Mdogo kabisa una vijiraba 21 kwa 21, mkubwa kabisa 177 kwa 177. Kwenye taa hafifu za ukumbi nataka vichache, kwa hiyo ndani ya msimbo naweka namba ya kadi tu, na msimbo wenyewe haupungui sentimita 2, mweusi juu ya nyeupe. Rangi ya dhahabu juu ya kahawia inapendeza, lakini simu nyingi zinakataa kuisoma.

Angalia pia msimbo unapitia wapi. Mwaka mmoja nilitumia tovuti iliyonipa misimbo bure. Sikujua kwamba kila msimbo ulibeba anwani ya tovuti hiyo kwanza, na muda wa majaribio ulipoisha ikafunga njia. Kadi zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Sasa nasoma kila msimbo kwa simu kabla ya kuchapa, na kama kinachotokea si kile nilichoandika mimi, nautupa.

Mlangoni tunaweka vijana wawili wenye simu, wote wakiwa ndani ya Sheets ileile, na kila kadi ikisomwa wanatia alama kwenye safu ya "ameingia". Kadi ya dabo ina nafasi mbili za alama, kwa sababu mume hufika saa moja na mke hufika saa tatu. Mtandao ukumbini huelemewa watu wakiwa wengi, kwa hiyo asubuhi yake nachapa orodha yote kwa alfabeti na kumpa kijana wa mlangoni pamoja na kalamu mbili.