Saa 10,000 hazitoi ubingwa zenyewe

Wanamuziki wengi wameaminishwa kwamba ukifikisha saa 10,000 za mazoezi, ubingwa unakuja wenyewe. Si kweli, na imani hii inawavunja moyo watu wenye bidii ya dhati.

Namba hiyo inatokana na utafiti wa mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Walio bora zaidi walikuwa na wastani wa saa zipatazo 10,000 walipotimiza miaka 20. Huo ni wastani tu, si kizingiti. Wengine katika kundi hilohilo hawakuwa wamefika huko. Tena zilizohesabiwa ni saa za kujifua peke yao. Na hao bora walikuwa wakipumzika vya kutosha, hata kulala mchana.

Muhimu ni kinachofanyika ndani ya saa hizo. Tuseme kuna mahali kidole cha nne huchelewa kila mara. Ukirudia wimbo mzima mara ishirini, unakosea palepale mara ishirini, na vidole vinalikariri kosa. Afadhali usimame hapo, upunguze kasi mpaka noti za hapo zisikike safi, uongeze kidogo kidogo, kisha uhamie kipande kingine na kurudi baadaye. Kupatia mara kumi mfululizo kunadanganya, maana mkono umeshapata moto. Jukwaani utapiga mara moja tu, kwa hiyo jipime kwa jaribio lako la kwanza kesho yake.