Xiao: deni la mwana kwa baba katika picha za kung fu

Picha nyingi za kung fu za enzi za kale huanza na msiba. Dakika kumi hazijaisha, baba yake steringi ameshauawa. Mtoto anapiga magoti mbele ya kibao cha mbao chenye jina la marehemu, anainamisha kichwa mpaka sakafuni, na kibanda kizima cha video kinajua adui atakufa mwishoni. Wengi tunaziita picha za kisasi na kuachia hapo. Kumbe yule kijana anasukumwa na jambo kubwa kuliko hasira, nalo Wachina wanaliita xiao, linalotamkwa karibu na "shiao".

Xiao ni wajibu wa mtoto kwa wazazi wake. Katika mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa China aliyefariki mwaka 479 KK, na ya wanafunzi wake, huo ndio mzizi wa utu. Mtoto huwatii wazazi, huwatunza uzeeni, huwazika inavyostahili, kisha hupata mtoto wa kiume ili ukoo usikatike na wahenga wasikose wa kuwatambikia. Kipo kitabu kifupi kiitwacho Xiaojing, ambacho wanafunzi walikikariri kwa karne nyingi. Mwanzoni kabisa kinasema kwamba mwili, nywele na ngozi tumepewa na wazazi, na kutothubutu kuvidhuru ndio mwanzo wa xiao.

Msomaji wa Kiswahili atawaza mara moja juu ya radhi. Zinakaribiana kweli, ila radhi imo mikononi mwa mzazi: yeye ndiye anayeitoa au kuinyima, na mtoto anaitafuta. Xiao imo mikononi mwa mtoto. Ni kazi, tena kazi isiyokoma mzazi akifa, kwa sababu kaburi linataka kusafishwa na kile kibao cha mbao kinataka ubani na chakula. Hata baba mbaya, asiye na radhi ya kumpa mtu, bado anadai xiao yake.

Dola nayo iliusimamia wajibu huo. Chini ya utawala wa Qing (1644–1912), ambao ndio wakati wa sehemu kubwa ya picha hizi, ofisa aliyefiwa na baba au mama kwa kawaida alitakiwa kuacha wadhifa na kurudi kwao kuomboleza kwa miezi 27. Mtoto aliyempiga mzazi wake, sheria ilimhukumu kifo.

Sasa hapo ndipo wapigaji wanapobanwa. Mwili si mali yako, umekabidhiwa, kwa hiyo usiupeleke kwenye visu. Wakati huohuo kitabu kingine cha kale, Liji, kinasema mwana hawezi kuishi chini ya mbingu moja na mtu aliyemuua baba yake. Xiao hiyohiyo inayomwambia atunze ngozi yake ndiyo inayomtuma akachanwe. Kwa maoni yangu, ndiyo maana sehemu ya mazoezi huwa ndefu namna ile, kijana akibeba ndoo za maji na kusimama kwa magoti yaliyopinda mpaka jasho lidondoke. Akienda mapema akauawa, atakuwa amekosea mara mbili: kisasi hakikulipwa, na ukoo umekatika.

Executioners from Shaolin ya mwaka 1977, iliyoongozwa na Lau Kar-leung, inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko picha nyingine yoyote niijuayo. Baba, Hung Hei-gun, ni bingwa wa mtindo wa chui milia. Mama anapigana kwa mtindo wa korongo, na yeye ndiye anayemfundisha mtoto. Baba anamwendea Pai Mei, msaliti wa Shaolin, hekalu la watawa wa Kibudha mashuhuri kwa kung fu, anashindwa, anajifua kwa miaka, anarudi tena na kuuawa. Anachoacha ni kitabu cha mtindo wake, nacho kimeharibika hata kurasa nyingine hazisomeki. Mtoto anaziba mapengo kwa yale aliyofundishwa na mama, chui milia anachanganyika na korongo, na Pai Mei anashindwa. Picha za kung fu huwasahau akina mama kirahisi mno, lakini hapa bila mama deni la baba lisingelipika.

Si kila baba wa kung fu hufa mapema, hata hivyo. Baba aliye hai ana matatizo yake, na mfano unaorudiwa zaidi ni wa Wong Kei-ying na mwanawe Wong Fei-hung. Hawa walikuwa watu wa kweli. Mwana alizaliwa Guangdong, jimbo la kusini mwa China, mwaka 1847, akawa mpigaji na tabibu mwenye zahanati iliyoitwa Po Chi Lam mjini Guangzhou, na baba yake alihesabiwa miongoni mwa wale mabingwa walioitwa Chui Milia Kumi wa Guangdong. Kuanzia mwaka 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing peke yake alimwigiza Fei-hung katika picha zaidi ya 70, akiwa mzee mwenye busara, mfano wa kuigwa.

Mwaka 1978 picha ya Drunken Master ikageuza meza. Jackie Chan alimwigiza Fei-hung akiwa kijana mtukutu, na baba yake, asijue la kufanya, anamkabidhi kwa mzee mlevi So amnyooshe. Mtazamaji anaweza kujiuliza: baba ni bingwa, kwa nini asimfundishe mwenyewe? Jibu ni la zamani sana. Mencius, mwanafalsafa aliyeendeleza mafundisho ya Confucius, alieleza kwamba watu wa kale walibadilishana watoto ili kuwasomesha, maana baba akimfundisha mwanawe na mwana asielewe, hasira huingia na mapenzi yakaharibika. Mwalimu wa nje anaweza kuchapa na kutukana bila kuvunja nyumba. Ila naye anakuwa mzazi. Wachina wana msemo kwamba aliyekuwa mwalimu wako siku moja ni baba yako maisha yote, na ndani ya chuo cha kung fu wanafunzi huitana kaka na mdogo, huku mwalimu wa mwalimu wako akiwa babu yako. Kwa hiyo mwalimu akiuawa, deni ni lilelile.

Nyuma ya kamera nako kulikuwa na undugu. Mwongozaji wa Drunken Master ni Yuen Woo-ping, na yule mlevi So aliigizwa na Yuen Siu-tien, baba yake mzazi. Yaani mwana ndiye aliyekuwa akimwamrisha baba arudie kuanguka.

Hapa kuna dhana potofu inayostahili kuondolewa: kwamba xiao ni kutii tu. Xiaojing yenyewe ina sura ambamo mwanafunzi anauliza kama kufuata kila amri ya baba kunatosha kuitwa xiao, na Confucius analikataa wazo hilo kwa mshangao. Baba akielekea kwenye jambo lisilo haki, mwana lazima amzuie kwa maneno. Drunken Master II ya mwaka 1994 imejengwa juu ya ufa huo: baba anamkataza mwanawe kupigana, mwana anapigana kwa sababu mali za kale za China zinatoroshwa nje. (Ti Lung, aliyeigiza baba, amemzidi Jackie Chan miaka minane tu. Wameigiza vizuri mno hata husumbuki.)

Kisha kuna Iron Monkey ya mwaka 1993, ya Yuen Woo-ping tena, inayolitazama deni kutoka upande wa pili. Confucius hakumwachia baba bila wajibu. Mwana anatakiwa kuwa na xiao, baba anatakiwa kuwa na ci, yaani upendo wa mlezi. Katika picha hii Wong Kei-ying, aliyeigizwa na Donnie Yen, anapita katika mji mmoja wa jimbo la Zhejiang na mtoto wake mdogo. Fei-hung hapa ameigizwa na msichana, Tsang Sze-man, na anapiga kwelikweli. Gavana mla rushwa anamfunga mtoto na kumpa baba siku saba amlete mwizi aliyeficha uso, anayewaibia matajiri na kuwapa maskini.

Mji mzima unampenda mwizi huyo, kwa hiyo wauzaji wanakataa hata kumuuzia Wong chakula. Anayemkaribisha mezani kwake ni tabibu mmoja mpole, na Wong hajui kwamba tabibu ndiye mwizi. Akimkamata, atampata mwanawe na kuwanyima maskini mtetezi wao. Asipomkamata, mwanawe ataozea gerezani. Gavana anaelewa vizuri nguvu ya damu na anaitumia kama mnyororo, kosa ambalo katika picha za namna hii halisameheki. Mwishowe Wong anaungana na yule mwizi aliyetumwa amkamate, na wawili hao wanapambana na mtawa msaliti wa Shaolin juu ya nguzo ndefu za mbao, moto ukiwaka chini yao. Jina la picha ni la mwizi, lakini mimi husema ni picha ya baba.